Waliodhani Mkono Umesahau: Dhana Potofu Kuhusu Kurudi Kuchora

Juni iliyopita, asubuhi moja ya baridi yetu ya Mbeya, nilikaa jikoni nikachora birika la chai. Nilikuwa sijashika penseli ya kuchorea kwa miaka tisa, na birika lilitoka limepinda kama limeanguka kwenye bajaji. Tangu siku hiyo nimewauliza wengi walioacha kuchora baada ya shule kwa nini hawarudi. Majibu yao yananiuma, maana mengi si ya kweli.

"Mkono wangu umesahau." Mkono unaweza kuandika jina lako hata gizani, haujasahau kitu. Tatizo ni kwamba tunachora tunachokijua na kuacha tunachokiona. Mfuniko wa birika niliuchora duara kamili kwa sababu najua ni wa mviringo, kumbe nilipokaa ulionekana umebonyea kama yai. Kitako nikakinyoosha kama rula, eti kwa kuwa limekaa mezani. Kumbe ukingo wa chini ndio uliopinda zaidi kuliko ule wa juu.

Dawa yake ni kupima. Nyoosha mkono wote, fumba jicho moja, weka penseli mbele ya birika na utelezeshe kidole gumba hadi upate upana wake, kisha angalia upana huo unaingia mara ngapi kwenye urefu. Halafu chora ule uwazi ulio kati ya mkono wa birika na tumbo lake, kana kwamba uwazi wenyewe ndio kitu. Mimi hapo ndipo birika langu liliposimama. Usoni ni vilevile: karibu kila anayeanza huyaweka macho juu mno, wakati yako katikati ya kichwa, nusu kwa nusu kati ya utosi na kidevu.

"Kupima ni kudanganya." Van Gogh, mchoraji maarufu wa Uholanzi, alitumia fremu iliyovutwa nyuzi ili apate vipimo vya mashamba na barabara. Inatosha.

"Nimeshachelewa." Huyo huyo Van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, baada ya kuuza picha, kufundisha na kuhubiri. Na Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kupaka picha Dar es Salaam mwaka 1968, umri ukiwa umepita thelathini, bila shule ya sanaa.

"Vifaa ni ghali." Tingatinga alitumia rangi za kupakia baiskeli. Wewe unahitaji daftari, penseli ya HB ya mtoto wa shule na nyingine moja laini, ya 4B. Kiini cha penseli ya 4B kina grafiti nyingi, yaani ile madini nyeusi inayoandika, na udongo kidogo, ndiyo maana ni laini na kinatoa weusi ambao HB haifiki hata ukikandamiza hadi karatasi ichanike.

"Mlima ni mkubwa, kwa hiyo uchorwe kwa mstari mzito." Simama sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, utazame mlima Loleza. Hewa iliyo kati yenu hutawanya mwanga, mlima ukaonekana umefifia na kuwa wa samawati. Mashamba yanapochomwa wakati wa kiangazi hubaki kivuli tu. Mvua ikishanyesha hewa husafika, mlima nao ukasogea kama umekuja sokoni. Siku ya ukungu mpe Loleza HB, kwa mkono mwepesi kabisa, na 4B uiweke kwa paa za bati zilizo karibu nawe.