Jones si ukoo: makosa katika riwaya za familia za mashambani Wales

Miswada ya riwaya zinazotokana na maisha ya mababu wa mashambani Wales huja na dhana ileile: mwandishi ni Jones, kwa hiyo wazee wake wote tangu 1750 walikuwa Jones. Si kweli, na nasaba ikikosewa, wahusika wote wanakosewa.

Wakulima wale walitajana kama tunavyotajana sisi. "Ap" ni "bin", "ferch" ni "binti". Evan ap William, kwenye karatasi za Kiingereza, akawa Evan Williams. Mwanawe John akawa John Evans. Mjukuu David akawa David Jones, maana Jones ni "wa John" tu. Vizazi vitatu, majina matatu, damu moja. Mabondeni kaskazini na magharibi desturi hii ilifika hadi karne ya 19, ndiyo maana akina Jones wa kijiji kimoja huenda wasiwe ndugu hata kidogo.

Tafadhali, anza na jina la shamba. Mtu aliitwa kwa shamba lake, mathalani John Tŷ Mawr. Lifuate kwenye sensa, kila miaka 10 kuanzia 1841, ukilinganisha umri na mahali pa kuzaliwa. Umri wa watu wazima wa 1841 usiuamini sana: kwa kawaida uliteremshwa hadi 5 iliyo karibu, 38 ikawa 35. Kabla ya Julai 1837 hakuna vyeti vya serikali vya kuzaliwa, kuna madaftari ya ubatizo. Mtoto asipoonekana kwa Waanglikana usimzulie wazazi. Tafuta kwa Wamethodisti na madhehebu mengine yaliyojitenga. Na kwenye mazungumzo, wahusika waitane kwa mashamba yao. Msomaji hatapotea.

Kwamba kila familia ilichimba makaa? Makaa yalikuwa hasa kusini. Meirionnydd, wilaya ya kaskazini-magharibi, waliishi kwa kondoo, ng'ombe na machimbo ya sleti, mawe bapa ya kuezekea.

Babu kurithisha ardhi mwaka 1860? Futa. Wengi walikuwa wapangaji wa makabaila, na wengi walinunua mashamba baada ya 1918, makabaila walipouza kwa wingi.

Mpangaji kuhama na kondoo wake wote wa mlimani? Hapana. Kondoo hao hujua eneo lao la malisho, *cynefin*, ambalo mwanakondoo hufundishwa na mama yake bila uzio. Aghalabu kundi hubaki na shamba, mpangaji mpya akawanunua kondoo hao. Akileta kondoo wageni, itabidi awachunge kila siku, la sivyo watatawanyika.