Mchekeshaji hawezi kubeba kazi ya chumba cha habari peke yake

Nafundisha uandishi wa habari hapa Kampala, na kabla ya hapo nilikaa miaka kwenye meza ya wahariri, kwa hiyo hili swali nakutana nalo kila muhula: mwalimu, gazeti la nini saa hii wakati wachekeshaji wanatuambia ukweli kwenye simu? Nawaelewa. Vijana wengi wameijua serikali yao kupitia klipu za dakika mbili na katuni, sio kupitia taarifa ya habari ya usiku. Lakini jibu langu halibadiliki, tashtiti, yaani kejeli ya kuwasuta wakubwa, inakula chakula kilichopikwa na ripota, jiko likizimika mchekeshaji naye atalala njaa.

Chukua sakata la mabati ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, 2023. Kabla ya utani wote ule uliojaa kwenye simu zetu kulikuwa na waandishi waliofuatilia mabati ya watu maskini yalivyoishia kwa wakubwa, wakauliza nani alisaini, nani alipokea. Mawaziri wakafikishwa kortini. Utani ulinoga kwa sababu kila mtu alishajua kuna ushahidi nyuma yake. Ukiondoa ushahidi hiyo sio tashtiti tena, ni matusi tu, na mkubwa hajali matusi.

Sasa kwa nini vyumba vya habari vinanyauka? Watu wanasema serikali, na ni kweli. 2009 CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilizimwa zaidi ya mwaka na bimeeza, yale mabaraza ya wazi ya redio ambapo mwananchi yeyote angeshika maiki, yakapigwa marufuku. Mei 2013 polisi walifunga Daily Monitor na Red Pepper siku kama kumi kwa sababu ya barua ya Jenerali Sejusa iliyodai kuna njama ya kumrithisha urais mwana wa Rais. 2019 UCC, tume ya mawasiliano ya serikali, ikaagiza vituo 13 visimamishe wahariri na maprodyuza. Hayo yanaonekana na yanapigiwa kelele. Kinachoua polepole bila kelele ni matangazo. Gazeti hapa kwetu haliishi kwa bei ya nakala, linaishi kwa kampuni za simu, mabenki, bia na serikali yenyewe, halafu Machi 2023 Rais akaagiza matangazo yote ya serikali yapelekwe UBC, shirika la utangazaji la serikali, hebu fikiria mhasibu wa kituo binafsi alilala vipi usiku huo. Mabosi wakibanwa wanapunguza watu, na wanaanza na uchunguzi maana stori ya miezi mitatu haileti hela wiki hii. Ripota wa wilayani analipwa kwa stori iliyochapwa, boda anajilipia, na huyo ndiye tunayemtaka akakague hospitali isiyo na dawa!

Na mara nyingi hakuna simu kutoka ikulu. Kwenye gazeti moja nililofanyia kazi niliona katuni ya benki ikiondolewa usiku ukurasa ukiwa tayari, hakuna aliyelazimisha, mhariri alijua tu nani amenunua ukurasa wa nyuma. Ukishazoea hivyo unaacha hata kuagiza katuni ya namna hiyo, na mchoraji naye anaacha kuileta.

Msidhani huu ni ugonjwa wetu peke yetu. Marekani, mchekeshaji Jon Stewart alichukua The Daily Show, kipindi cha kuikejeli habari, 1999, na Oktoba 2004 akaenda kwenye kipindi cha Crossfire cha CNN akawaambia usoni kwamba mabishano yao yanaiumiza nchi, Januari iliyofuata CNN ikatangaza inakifunga. Watu walimpenda kwa sababu timu yake ilikuwa inachimba klipu za zamani na kuweka alichosema mwanasiasa mwaka juzi kando ya anachosema leo, yaani kazi ya kawaida kabisa ya mhariri, ila vituo vya makampuni makubwa vilishaona ni nafuu kuweka watu wawili wagombane. Lakini na mchekeshaji ana mwajiri. Julai 2025 kampuni ya Paramount ilikubali kutoa dola milioni 16 kumaliza kesi ya Trump juu ya 60 Minutes, kipindi cha habari cha televisheni yake ya CBS (sio ile redio yetu), huku ikisubiri kibali cha serikali cha kuungana na kampuni ya Skydance, na mwezi huo huo CBS ikatangaza kipindi cha mchekeshaji Stephen Colbert kitaisha Mei 2026. Kampuni ilisema ni mambo ya fedha tu. Mchora katuni Ann Telnaes alikuwa ameshaacha kazi kwenye gazeti la Washington Post mwezi Januari baada ya kukataliwa katuni iliyomgusa Jeff Bezos, mwenye gazeti. Na hapa jirani tunamkumbuka Gado, mchora katuni Mtanzania aliyechorea gazeti la Nation la Kenya kwa miaka mingi, mkataba wake haukuendelea 2016, mwaka mmoja baada ya kasheshe la katuni ya Kikwete kwenye The EastAfrican, gazeti la kampuni hiyo hiyo.

Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni wa gazeti la The Observer la hapa Kampala na mhadhiri wa falsafa, alianzisha maonyesho ya mashimo ya barabara kwenye Twitter, wananchi wakamwaga picha mpaka Rais akaagiza hela za barabara za Kampala zitolewe. Nilifurahi sana. Ila shimo kila mtu analiona akipita na boda. Maonyesho ya Bunge ya 2024, kampeni nyingine ya mtandaoni ya kuanika matumizi ya bunge, yalikuwa jambo lingine, yalihitaji nyaraka zilizoonyesha hela za bunge zikiingia kwenye akaunti binafsi za wafanyakazi, na huwezi kupata hizo kwa kupiga picha dirishani. Kulikuwa na Agather Atuhaire, mwandishi na mwanasheria, mtu anayejua kusoma nyaraka na kuzihakiki.

Linaloniuma zaidi ni nani anabaki kulipa. Gazeti likishtakiwa lina mawakili na lina jina. Onyango-Obbo na Mwenda wa Monitor walipambana hadi Mahakama ya Juu ikafuta kosa la habari za uongo 2004. Wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto walikamatwa Julai 2020 kwa klipu iliyotaja viongozi wa juu wanaotoka sehemu moja ya nchi. Mwandishi wa vitabu Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa Desemba 2021 kwa twiti kuhusu Rais na mwanawe, akatoka na makovu mgongoni, akakimbilia Ujerumani, na kifungu alichoshtakiwa nacho Mahakama ya Katiba ikakifuta Januari 2023 yeye akiwa uhamishoni. Hawa walienda mbele bila kampuni nyuma yao.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wanaotaka kuchekesha, na wapo wenye kipaji kweli, nawapa sharti moja: kila klipu iseme habari imetoka kwa nani, jina la ripota na chombo chake, liandikwe kwenye skrini lisomeke. Wengine wanalalamika inaharibu mdundo wa kichekesho. Nawaambia watafute mdundo mwingine.