Je, wajua kwa nini Mo Farah alificha jina lake karibu miaka 30?

Mtaje Mo Farah, mkimbiaji wa mbio ndefu wa Uingereza, kwa shabiki wa riadha wa Eldoret, Kenya, au Kapchorwa, Uganda, na utamwona anakunja uso kidogo kabla ya kutabasamu. Huyu ndiye aliyewanyima dhahabu. Rio mwaka 2016, mbio za mita 10,000, alianguka, akainuka, akawafukuzia wenzake hadi akavuka mstari mbele ya Paul Tanui wa Kenya. Mwaka uliofuata London, kwenye mashindano ya dunia, aliyeambulia fedha nyuma yake ni Joshua Cheptegei wa Uganda. Alistaafu akiwa na dhahabu 4 za Olimpiki na cheo cha "Sir" alichopewa na ufalme wa Uingereza.

Na muda wote huo, jina lililokuwa likitangazwa viwanjani halikuwa lake.

Julai 2022, katika kipindi maalumu kilichorushwa na BBC, alisema kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni Hussein Abdi Kahin. Kwa miaka mingi alikuwa akisimulia kuwa aliingia Uingereza na wazazi wake kama mkimbizi. Haikuwa hivyo. Baba yake aliuawa kwenye machafuko ya Somalia yeye akiwa na miaka 4. Akatenganishwa na mama yake, akapelekwa Djibouti, na alipokuwa na miaka 8 au 9 mwanamke ambaye si ndugu yake akampandisha ndege kwenda London. Hati ya safari ilikuwa na picha yake, lakini jina lilikuwa la mtoto mwingine: Mohamed Farah.

Mtoto alifurahi. Alikuwa hajawahi kupanda ndege, na aliambiwa anakwenda Ulaya kuishi na ndugu zake. Alibeba karatasi iliyoandikwa mawasiliano ya ndugu hao. Walipofika nyumbani kwa yule mwanamke, magharibi mwa London, mwanamke akaichukua ile karatasi, akaichana mbele ya macho yake, akaitupa kwenye pipa la taka. Mo Farah anasema hapo ndipo alipojua kwamba yamemfika.

Naomba tukae kidogo kwenye karatasi hiyo, maana ndiyo inayoeleza utumwa mamboleo ni kitu gani. Sisi watu wa huku tukisikia neno utumwa, akili inakwenda Mkunazini, Zanzibar, kwenye soko lililofungwa mwaka 1873. Tunaona minyororo na mnada. Siku hizi mnyororo hauhitajiki. Inatosha kumkatia mtu njia ya kurudi kwao. Kwa mmoja ni karatasi ya namba za ndugu, kwa mwingine ni pasipoti iliyofungiwa kabatini na tajiri, kwa mwingine ni deni la nauli lisilokwisha hata afanye kazi miaka mitatu. Mlango unaweza kuwa wazi kabisa. Atakwenda wapi?

Ndani ya nyumba ile mtoto Hussein alifanya kazi za usafi na kulea watoto wadogo, na kama hakufanya, hakuna chakula. Akaambiwa asithubutu kusema lolote ikiwa anataka kuiona familia yake tena. Alikuwa akijifungia bafuni kulia. Miaka ya mwanzo hakupelekwa hata shule.

Mtu anaweza kuuliza: hayo si maisha magumu tu, utumwa uko wapi? Sheria ya kimataifa ina jibu. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa mwaka 2000, inasema kwamba kwa mtu mzima lazima kuwe na vitisho, hila au matumizi mabaya ya madaraka ndipo ihesabiwe kuwa amesafirishwa kiharamu. Kwa aliye chini ya miaka 18, hayo hayatafutwi. Ukimchukua mtoto kwa lengo la kumtumikisha, basi. Haijalishi kama alikubali, haijalishi kama alipanda ndege akicheka. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2010 kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu zimefuata itifaki hiyo.

Hapa ndipo habari ya London inapoingia sebuleni kwetu. Ni nani asiyejua nyumba yenye binti aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya "atasoma mjini", na sasa ana miaka 13, anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na daftari lake halijulikani lilipo? Kulea mtoto wa ndugu ni desturi njema, na wengi tumefika tulipo kwa sababu ya shangazi au mjomba aliyetupokea. Lakini tofauti inaonekana bila kuhitaji wakili. Je, anakwenda shule kama watoto wenye nyumba? Anaongea na mama yake anapotaka? Akisema anataka kurudi kwao, anarudi?

Turudi kwenye swali letu. Kwa nini bingwa wa dunia, mwenye pesa na jina, anyamaze muda wote huo?

Kwanza, hakunyamaza kabisa. Alipoandikishwa shule ya Feltham akiwa na miaka kama 12, walimu waliambiwa ni mkimbizi. Alikuwa mtoto asiyetunzwa, Kiingereza hakipandi, darasani amejikunyata. Mwalimu wa michezo, Alan Watkinson, aliona kitu kimoja: mtoto huyu akiwekwa uwanjani anageuka mtu mwingine. Mwalimu alisema baadaye kwamba lugha pekee aliyoielewa ilikuwa ya michezo. Na kwa sababu huyo ndiye mtu mzima aliyezungumza naye kwa lugha hiyo, siku moja mtoto akamweleza kila kitu. Watkinson akawaarifu maofisa wa ustawi wa jamii, na Hussein akahamishiwa kwa familia nyingine ya Kisomali iliyomlea vizuri. Miaka kadhaa baadaye akaletewa kaseti. Ndani yake sauti ya mama yake, ikizungumza naye, ikimwimbia nyimbo za huzuni za kwao. Aliisikiliza siku nyingi.

Kwa hiyo watu wachache walijua. Kilichomfunga mdomo mbele ya umma ni karatasi nyingine. Akiwa na miaka 14 alichaguliwa kwenda kukimbia Latvia na timu ya shule za Uingereza, na hakuwa na hati ya kusafiria. Mwalimu akamshughulikia maombi ya uraia, na mwaka 2000 ukatoka, kwa jina la Mohamed Farah. Sheria ya Uingereza inairuhusu serikali kumvua mtu uraia aliopata kwa udanganyifu. Sasa fikiria kila dhahabu aliyoshinda akiwa amejifunika bendera ile, na ndani anajua kuwa jina lililoandikwa kwenye pasipoti si lake. Ushindi haukumpunguzia hofu. Kadiri alivyopanda ndivyo alivyokuwa na kikubwa zaidi cha kupoteza.

Mwenyewe anasema watoto wake ndio waliomsukuma. Ni vigumu kumfundisha mtoto kusema kweli wakati wewe una jambo huwezi kulitamka.

Alipolitamka, serikali ya Uingereza ilitangaza mara moja kwamba haitamchukulia hatua, na polisi wa London wakafungua uchunguzi kuhusu aliyemleta. Na sauti yake ilikwenda mbali, kwa maoni yangu, kwa sababu watu walimjua kwanza kwa mbio. Walikuwa wamempigia makofi miaka 10 kabla ya kujua. Mfanyakazi wa ndani akijitokeza na kusimulia habari ileile, swali la kwanza huwa karatasi zako ziko wapi. Mo Farah aliulizwa umewezaje kuvumilia. Analijua hilo vizuri: amesema wazi kwamba kilichomwokoa ni kuwa aliweza kukimbia. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu karibu milioni 50 walikuwa kwenye utumwa mamboleo, milioni 28 wakiwa kwenye kazi za kulazimishwa na milioni 22 kwenye ndoa za kulazimishwa. Wengi wao hawana mbio wala mwalimu wa michezo.

Hata uanamichezo wenyewe haumkingi mtu. Zahir Belounis, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alikwenda Qatar kucheza mpira. Akadai mishahara yake, akaishtaki klabu, akanyimwa kibali cha kutoka nchini, kwa sababu chini ya mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi wa kigeni kwa mwajiri wake, mwajiri ndiye aliyekuwa akikitoa. Alikwama huko na mke na mabinti zake wawili hadi Novemba 2013. Ndugu zetu waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, ulinzi na ujenzi hawahitaji kuelezwa kafala ni nini. Lakini Ulaya wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kupitia mchezaji huyu. Karibu na Kombe la Dunia la 2022 lililochezwa Qatar wengine wakaongeza sauti: Machi 2021 wachezaji wa Norway na Ujerumani waliingia uwanjani na fulana za kutetea haki za binadamu, na Oktoba 2022 wachezaji 16 wa Australia wakatoa video iliyowataja wafanyakazi wahamiaji walioteseka.

Sisemi fulana zilibadilisha sheria. Qatar ilianza kuondoa kibali cha kutoka mwaka 2018 na kukifuta kwa wafanyakazi wa ndani mwaka 2020, na kazi kubwa ilifanywa na vyama vya wafanyakazi, waandishi wa habari, na wafanyakazi wenyewe. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi huko, aliandika kuhusu maisha yao kwa jina la bandia na akatiwa ndani mwaka 2021. Kwangu yeye ndiye aliyesema kwa gharama kubwa. Mwanamichezo anachoweza ni kuwafanya watu wasiopenda kusikia wasikie kwa dakika moja, na dakika hiyo si ndogo kwa aliyefungiwa ndani.

Novemba 2023, miezi miwili baada ya mbio zake za mwisho, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilimteua Mo Farah kuwa balozi mwema wake wa kwanza wa kimataifa.

Katika kipindi kile cha 2022 alizungumza pia na Mohamed Farah halisi, ambaye nafasi yake ndiyo aliyoichukua kwenye ndege. Amekuwa akimfikiria miaka yote, akijiuliza yuko wapi na kama ni mzima. Na jina la Hussein halikungoja televisheni ili lirudi nyumbani. Mwanawe wa kiume aliyezaliwa mwaka 2015, miaka 7 kabla ya Uingereza kuambiwa chochote, ndilo alilompa.