Mgeni njoo, mwenyeji apone? Vita vya Cabo Delgado tukivitazama kutoka Unguja

Mwisho wa Machi 2021 shangazi yangu wa Wete, kisiwani Pemba, alipigiwa simu nne kabla ya adhuhuri. Redio ya nje ilikuwa imetangaza kuwa watu wanaokimbia mauaji wanaingia Pemba kwa mashua, na jamaa walioko Muscat, Mombasa na London wote wakataka kujua kama yuko salama. Yeye alikuwa barazani kwake anakuna nazi, hana habari. Pemba iliyotajwa ni mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, ule ambao Wareno waliuita Porto Amélia. Na wale waliokuwa baharini walitoka Palma, iliyovamiwa tarehe 24 mwezi ule.

Tulicheka, lakini si kisa cha kuchekwa sana. Palma iko kwenye ghuba ya Tungi, na mpaka 1887 bendera iliyopepea Tungi ilikuwa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar. Wareno walikuja kwa manowari wakaichukua. Barghash alikuwa amewategemea Waingereza wamkinge na mataifa mengine ya Ulaya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Waingereza haohao walikaa na Wajerumani wakaelewana kumwachia ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Mwaka 1890 Zanzibar ikaingia chini ya himaya ya Uingereza. Wanafunzi wangu husahau kwamba himaya, kabla ya kuwa neno la kitabu cha historia, ni neno la kawaida lenye maana ya ulinzi.

Nafundisha historia ya siasa za pwani hii, na pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, wazee wa kahawa wananiita Maalim hata ninapokuwa sijui ninalolisema. Swali wanalonirudia tangu vita vya Cabo Delgado vianze ni hili: serikali ya Maputo ilishindwa nini kuita msaada mapema? Na ilipoita, kwa nini ilimkimbilia Mnyarwanda, wa mbali, ikamwacha jirani anayegonga mlango?

Tuanze na vita vyenyewe, kwa ufupi. Alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, kundi la vijana lilivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Wenyeji waliwaita Al-Shabaab, ingawa si wale wa Somalia. Baadaye, mwaka 2019, kundi linalojiita Dola la Kiislamu likaanza kudai mashambulizi yao kuwa yake. Wengi wao walikuwa watoto wa palepale: wavuvi, wachuuzi, wachimbaji wa yakuti waliofukuzwa kwa nguvu kwenye machimbo ya Montepuez mwanzoni mwa 2017. Walianza kwa kugombana na masheikh wa miskiti yao wenyewe, na masheikh ndio waliotangulia kwenda kuwashitaki serikalini. Hawakusikilizwa. Kufikia sasa waliokufa wamepita 6,000, na vita vilipokuwa vikali zaidi waliohama makwao walikaribia milioni moja.

Sasa kwa nini dola ilikuwa dhaifu kiasi kile? Hapa ndipo ninapowaudhi wazee, maana wao wanataka niwaeleze bunduki, mimi nawaeleza madeni. Mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu za serikali ya Msumbiji zilikopa karibu dola bilioni mbili, sehemu kubwa bila bunge kujua. Fedha zile zilisemwa ni za nini? Za meli za kuvua jodari, na za vyombo na mitambo ya kulinda pwani. Siri ilipofichuka mwaka 2016 wafadhili walisimamisha misaada ya bajeti, sarafu ikaporomoka, na Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha, akaishia kutiwa hatiani na mahakama ya New York Agosti 2024. Yaani nchi ilikopa ili ilinde bahari yake, na mwaka uliofuata baada ya siri kutoka, watu wa baharini walipoinuka, hakukuwa na chombo wala fedha ya kuwalipa askari. Huo ndio udhaifu ninaouzungumzia. Tunda limeliwa kutoka ndani, ganda limebaki linang'aa.

Dola ya namna hiyo inapotafuta mtu wa kuisaidia, jambo la kwanza inaloangalia ni maswali atakayouliza. Nguvu zake inaziangalia baadaye.

Ndiyo maana Maputo ilianza na jeshi la kukodi. Septemba 2019 walikuja Warusi wa Wagner. Msitu wasioujua ukawashinda, wakapoteza watu, baada ya miezi michache wakarudi nyuma. Mwaka 2020 ikaja kampuni ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group, na helikopta zake, ikiwa na mkataba na polisi wala si na jeshi (jambo linalokuonyesha polisi na jeshi walivyokuwa wakitazamana). Helikopta hizo ziliokoa watu Palma, na Amnesty International iliituhumu kampuni hiyohiyo kwa kufyatulia risasi raia bila kubagua. Lakini raha ya mamluki kwa mtawala ni moja: unamlipa, anakutii au anaondoka, na hakuandikii ripoti ikasomwa kwenye mkutano wa marais.

SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ingeandika ripoti. Jirani akija na jeshi lake anakuja na macho pia. Ataona nani anauza mafuta ya jeshi, nani analipwa mshahara wa askari ambaye hayupo. Rais Filipe Nyusi alilipigia chenga suala la wanajeshi wa SADC kwa muda mrefu akitaja uhuru wa nchi, na sidhani alikuwa akidanganya moja kwa moja. Chama chake, Frelimo, kilifyatua risasi ya kwanza ya vita vya ukombozi Chai, ndani ya Cabo Delgado hiyohiyo, tarehe 25 Septemba 1964, na Nyusi mwenyewe ni Mmakonde wa Mueda. Kukiri kwamba nyumba ile ya mashujaa inalindwa na wageni si jambo dogo.

Palma ilimaliza ubishi. Tarehe 26 Aprili 2021 Total ya Ufaransa ilitangaza kusimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, wa dola bilioni 20, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Kabla ya mwezi kwisha Nyusi alikuwa Kigali. SADC iliidhinisha kikosi chake, SAMIM, mwezi Juni. Rwanda haikusubiri, ikashusha askari na polisi 1,000 kuanzia tarehe 9 Julai, siku chache kabla ya SAMIM kuanza rasmi. Afrika Kusini ilinung'unika hadharani. Tarehe 8 Agosti, Mocímboa da Praia iliyokuwa mikononi mwa wapiganaji kwa mwaka mzima ikarudi serikalini.

Hapo barazani palikuwa na sherehe. Mzee mmoja aliyekuwa baharia alipiga meza na kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nikaongeza ya kwangu: Wanyarwanda watamaliza kazi, nikasema, na mwaka ujao watakuwa wameshaondoka. Nilikosea, na wazee hawajaniachia mpaka leo.

Nilichokosea ni hiki. Niliangalia mji uliokombolewa, sikuangalia ramani. Wanyarwanda walipewa Palma na Mocímboa da Praia, yaani mbavu mbili za Afungi. SAMIM, wenye watu kutoka nchi nyingi na vifaa pungufu, walipewa kwingine. Watanzania wetu, kwa mfano, walikuwa Nangade, upande wa pili wa Ruvuma ukitokea Mtwara. Wapiganaji walifanya wanalofanya maji: waliondoka palipozibwa. Wakaenda Macomia, wakaenda Nangade, Septemba 2022 wakavuka mpaka wa mkoa hadi Nampula. Gesi ilikuwa na ukuta. Vijiji vya mihogo havikuwa nao. Usiniambie kwamba hiyo ni bahati mbaya. Wanakijiji hawakuamini hivyo, na mimi siamini.

Kisha kuna suala la nani analipa. Wanyarwanda walisema mwanzoni wanajigharimia. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ukawapa euro milioni 20, na Novemba 2024 ukawaongeza nyingine kiasi hichohicho. SAMIM, waliokuwa wakichangiwa na nchi zao maskini, fedha ziliwakaukia, wakafunga kazi Julai 2024, na Watanzania wakabaki kwa mapatano ya nchi mbili tu. Sababu nyingine ya kuondoka ilikuwa Kongo: SADC ilikuwa imepeleka askari Kivu, mashariki ya nchi hiyo, tangu Desemba 2023. Na hapa jambo linakuwa la ajabu kiasi kwamba nilipolieleza barazani hakuna aliyenywa kahawa yake. Askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, waliokuwa upande mmoja na Wanyarwanda dhidi ya waasi wa Cabo Delgado, walijikuta karibu na Goma wakipigana na M23, waasi ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanasaidiwa na Rwanda, na Rwanda inakana. Goma ilianguka Januari 2025, na askari 14 wa Afrika Kusini waliuawa.

Basi mwenyeji anayelala kwa kumtegemea mgeni anapaswa kufuatilia pia ugomvi wa mgeni wake. Kila mara Umoja wa Ulaya kule Brussels unapojadili kuibana Kigali kwa ajili ya Kivu, mtu wa Palma, ambaye hajawahi kuiona Kivu, ndiye anayeulizwa kimyakimya: na wewe utalindwa na nani?

Lakini sitaki kuwanyima Wanyarwanda haki yao. Wana kitu ambacho jeshi la Msumbiji lilikosa, nacho ni lugha. Askari wengi wa serikali walitoka kusini, wakizungumza Kireno na Kichangana, wakatumwa kwa watu wa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili. Akikutana na kijana wa pwani hajui kumuuliza anatoka wapi, basi anamshuku. Waasi, wao, walihubiri kwa Kiswahili na Kimwani, na Kimwani ukikisikia, wewe mtu wa Unguja, unapata nusu yake bila mkalimani. Baadhi ya Wanyarwanda walikulia Uganda, Tanzania na Kenya. Wakashuka Palma na Kiswahili chao, wakanunua samaki sokoni na kuulizana hali. Raia alipata mtu wa kumwambia wapi walipopita watu usiku. Wapo wanaodhani vita hivi vilibadilishwa na magari ya deraya. Mimi naweka salamu mbele.

Ila salamu za mgeni haziwezi kuwa za serikali. Mwanamke wa Mocímboa da Praia anapompelekea mashitaka ya shamba lake askari wa Kigali badala ya ofisi ya wilaya, anafanya jambo la busara, na kila anapolifanya ofisi ile inazidi kuwa jengo tupu. Ndani ya mkoa, mbali na pwani, kule Muidumbe na Mueda, wazee wa vita vya ukombozi waliamua kushika silaha wenyewe, wakaitwa Jeshi la Wenyeji. Wamwani wa pwani wanawaangalia kwa wasiwasi, kwa sababu wengi wa wazee hao ni Wamakonde na chuki baina yao haikuanza jana.

Wasomali wanaujua mwendo huu. Januari 2007 Umoja wa Afrika uliidhinisha kikosi cha kwenda Mogadishu kwa miezi sita. Miezi sita! Waganda walitua Machi mwaka ule, na tangu hapo kikosi kimebadilishwa jina mara mbili, la karibuni ni AUSSOM la mwaka 2025, hakijaondoka. Kuna walimu Mogadishu leo ambao hawajaishi siku moja ya utu uzima wao bila askari wa kigeni mjini.

Je, kuna mwenyeji aliyepona? Nawapa wazee mfano wa karibu kuliko wanavyotaka. Tarehe 12 Januari 1964 serikali iliyokuwa inapinduliwa hapa Unguja iliwaomba Waingereza waje, wakakataa. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika waliasi kambi ya Colito, Dar es Salaam, na Nyerere akawaomba Waingereza walewale. Wakaja tarehe 25 kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, wakamaliza asubuhi hiyo. Wiki mbili, jirani wawili, mlango mmoja: kwa mmoja ulifungwa, kwa mwingine ukafunguliwa. Anayeombwa ndiye anayechagua. Ila tazama alichofanya Nyerere baada ya hapo. Hakuficha kwamba lilikuwa jambo la aibu. Februari aliwakusanya mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, baadaye batalioni ya Nigeria ikapokea zamu ya Waingereza, na jeshi lililoasi likavunjwa lote, likaundwa jipya. JWTZ, jeshi la Tanzania mpaka leo, ilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Uasi ule haukuwa vita vya msituni, najua, na baharia wangu alinikumbusha hilo kabla sijamaliza. Lakini mgeni alikuwa na tarehe ya kuondoka kwa sababu mwenyeji alikuwa na kazi ya kufanya nyumbani kwake.

Rais Daniel Chapo aliapishwa Januari 2025, baada ya uchaguzi uliomwaga damu barabarani, na amewarithi Wanyarwanda, kampuni ya gesi na madeni kwa pamoja. Wazee wananiuliza niwatabirie. Siwatabirii tena. Nawaambia tu habari ninayoisubiri mimi, ambayo haitasomwa redioni: njia panda ya Awasse, pale Wanyarwanda walipopigana Julai 2021, inalindwa na kijana wa Msumbiji aliyelipwa mshahara wa mwezi huo, na akisimamisha gari anamwamkia mama wa Kimwani kwa Kimwani.

Shangazi yeye anasubiri waubadilishe jina ule mji.