Kuvuna rasilimali kutoka majitaka: maana yake

Ukishavuta maji chooni, kwako mambo yamekwisha. Kwenye mtambo wa majitaka ndiyo kwanza yanaanza. Kuvuna rasilimali kutoka majitaka ni kuyatibu kwa lengo la kupata humo vitu vya kutumia tena, yaani maji, mbolea na nishati, badala ya kuyasafisha tu ili yasidhuru mto au bahari.

Nishati ndiyo rahisi kuiona. Tope la majitaka likifungiwa kwenye tangi lisiloingia hewa, bakteria huliozesha na kutoa bayogesi, ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, gesi inayowaka. Kibera, jijini Nairobi, kuna vyoo vya jamii vilivyojengewa kuba chini ya ardhi. Kinyesi huozea humo, gesi ikapanda kwa bomba hadi jikoni, na mtu akainjika sufuria ya maharage kwenye moto wa buluu usiotoa moshi.

Maji nayo: Windhoek, Namibia, imekuwa ikigeuza majitaka kuwa maji ya kunywa tangu 1968.

Kwangu mimi, kubwa kuliko yote ni fosforasi, kirutubisho ambacho mimea haikui bila hicho. Mbolea za viwandani huipata kwenye miamba inayochimbwa, na miamba hiyo ikiisha imeisha. Sisi tunaila kwenye ugali na maharage, kisha sehemu kubwa tunaikojoa. Ndani ya mtambo hukutana na amonia na magnesiamu, ikaganda kuwa struviti: fuwele nyeupe, ngumu kama jiwe, zinazoshika kwenye kuta za bomba hadi likaziba. Kwa miaka mingi mafundi waliziona kuwa kero ya kubanduliwa. Baadaye ikaonekana kwamba kinachoziba bomba ni mbolea. Karibu na Portland, Marekani, tangu 2009 mtambo mmoja huongeza magnesiamu makusudi ili fuwele zikue kwenye tangi maalumu, zitoke punjepunje na kuuzwa kwa wakulima.

Si kila tope lafaa shambani, na hapa sitaki mtu aharakishe. Mayai ya minyoo hudumu kwa miezi mingi, hivyo lazima yauawe kwa joto au kwa kuachwa muda wa kutosha. Metali nzito kutoka viwandani, kama risasi na zebaki, ni mbaya zaidi, maana haziozi wala haziungui. Hizo huzuiliwa palepale kiwandani, kabla maji yake hayajaingia kwenye bomba moja na ya vyoo vyetu.