Matza, mkate usiochacha wa Pasaka ya Kiyahudi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukiacha hamira tu, mkate wowote unafaa kuliwa Pasaka.

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote. Kinachokatazwa ni donge lililochacha, hata kama halikutiwa hamira chembe. Unga wa ngano ukishapata maji huanza kuchacha wenyewe, na kwa sheria ya Kiyahudi donge lililoachwa dakika 18 bila kushughulikiwa huhesabiwa limechacha. Chapati, ambazo donge lake hufunikwa lipumzike, hazifai, japo hazina hamira.

Waokaji wa matza huwa waangalifu zaidi: huhesabu dakika hizo 18 tangu unga ulipoguswa na maji hadi matza inapotoka kwenye oveni. Maji huchotwa jioni na kulazwa usiku kucha yapoe, kwa kuwa vuguvugu huharakisha kuchacha. Vikombe 3 vya unga huchukua takriban kikombe 1 cha maji, bila chumvi wala mafuta. Donge hukandwa mfululizo, husukumwa jembamba sana, kisha hutobolewa matundu kote ili mvuke utoke na matza isifure. Ikijikunja ndani ya oveni, sehemu iliyokunjwa hukatwa na kutupwa, kwani pale katikati moto haukufika sawasawa. Muda ukiisha, meza na vifimbo vya kusukumia husafishwa au hubadilishwa. Kibonge kilichoganda kwenye kifimbo kinatosha kuharibu mkupuo unaofuata.

Unga wa kawaida wa dukani haufai hata ukikimbizana na saa. Viwandani ngano huloweshwa kidogo kabla ya kusagwa, hivyo tayari imeshapata maji.

Dhana: Nafaka zote ni marufuku.

Kinyume chake, matza ya usiku wa Pasaka ni lazima itokane na mojawapo ya nafaka tano: ngano, shayiri, rai, spelti (jamii ya ngano) au oti. Ndizo hizohizo zinazoweza kuchacha kisheria. Unga wa mahindi hauwezi kutoa matza.

Dhana: Wayahudi wote hujinyima wali na maharage.

Hiyo ni desturi ya Waashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Wasefaradi wengi, wenye asili ya Hispania na Ureno, hula wali siku zote za Pasaka, ila mchele huchambuliwa mara tatu, isije ikajificha punje ya ngano. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya marabi wa Conservative, mojawapo ya madhehebu ya Kiyahudi, nchini Marekani iliwaruhusu Waashkenazi wao pia.

Dhana: Vidonge vya matza kwenye supu huwa vigumu kwa sababu ya matza yenyewe.

Mara nyingi kosa ni la mpishi. Changanya mayai 4, mafuta vijiko vikubwa 4, supu vijiko vikubwa 4, chumvi kijiko kidogo na kikombe 1 cha matza iliyosagwa. Mchanganyiko utaonekana majimaji. Usiongeze matza, kwani itanyonya wakati ikipumzika kwenye friji angalau dakika 30. Lowesha mikono, finyanga vidonge vidogo maana vitavimba, kisha vichemshe kwa moto mdogo kwenye maji ya chumvi, sufuria imefunikwa, dakika 30 hadi 40. Ukivitoa mapema, kiini hubaki kigumu.

Wahasidi wengi, Wayahudi wa kundi linaloshika sana dini, hawali vidonge hivi kabla ya siku ya nane ya Pasaka, ambayo huadhimishwa nje ya Israeli tu: wanahofia unga usioiva ndani ya matza usije ukakutana na maji.