Dirisha limevunjwa: usikimbilie misumari

"Fundi, si upige tu misumari tumalize?" Sentensi hiyo husikika karibu kila mahali dirisha linapovunjwa Nairobi, kwa mwenye duka wa Tom Mboya Street na kwa mwenye ploti wa Umoja vilevile. Kioo kimepasuliwa usiku, mawingu yamejaa, mali iko wazi, na mtu anataka ubao wowote upachikwe upesi. Haraka hiyo inaeleweka. Lakini ubao uliopachikwa vibaya unamdanganya mwenye mali alale, na anayepita nje akiuona tu anajua utang'oka.

"Ubao na misumari mingi vinatosha"

Hii ndiyo dhana inayoleta hasara kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kwanza.

Msumari hushikiliwa na msuguano tu. Ukipigwa kwenye mbao nzito hushika vizuri, lakini madirisha mengi ya Nairobi hayana fremu ya mbao. Yana fremu ya chuma au ya aluminiamu, na msumari hauingii humo. Basi fundi hupiga ubao pembeni, ukutani. Sasa fanya hesabu. Msumari wa zege wa inchi 2 una milimita 50. Plaiwudi ya milimita 18 inakula 18. Plasta inakula 15 nyingine, na plasta haishiki kitu. Zinabaki milimita 17 ndani ya jiwe, na kama ni jiwe laini la machimbo, hizo 17 zimekaa kwenye unga ambao msumari wenyewe umeusaga ukiingia. Piga misumari 30 ukitaka. Mtaimbo ukiingizwa chini ya pembe moja, msumari wa kwanza unatoka, mkono wa mtaimbo unapata nafasi zaidi, wa pili unatoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Haivunjwi plaiwudi. Inabanduliwa nzima, bila kelele nyingi.

Kuna tatizo la pili ambalo watu hawalipimi. Karatasi ya plaiwudi ni futi 8 kwa futi 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Dirisha la kawaida la futi 5 kwa futi 4 lina uwazi wa karibu milimita 1500 kwa 1200. Ukiuweka ubao juu ya ukuta kwa nje, upande wa futi 4 unabaki na sentimita 1 tu ya kushika juu na sentimita 1 chini. Misumari inaangukia kwenye ncha ya ukuta, hapo hapo plasta inapomeguka.

Skrubu ni afadhali, ila kichwa kikiwa nje, mwenye bisibisi anakifungua. Boliti zinazopanuka ndani ya ukuta zina nguvu, lakini zikikaribia ukingo wa dirisha kwa chini ya sentimita 8 hadi 10 hupasua jiwe badala ya kulishika.

Kinachofanya kazi ni kubana dirisha pande mbili: ubao nje, mbao ndani, na boliti zinazopenya zikiviunganisha. Kwa nje kinaonekana kichwa cha mviringo kilicho laini, ambacho spana wala bisibisi haina pa kukishika. Nati iko ndani. Anayevuta ubao kutoka nje anavuta mbao mbili zilizolalia ukuta wa ndani, na ili zitoke ni lazima zivunjike au ukuta uanguke.

Kwa dirisha hilo la futi 5 kwa 4, hivi ndivyo inavyokwenda. Kata plaiwudi ya milimita 18 iwe 1490 kwa 1190, yaani pungufu ya milimita 5 kila upande, ili iingie ndani ya uwazi na kukaa juu ya fremu badala ya kulala juu ya ukuta. Ikiingia humo, mtaimbo unakosa pembe ya kuanzia. Kata mbao mbili za inchi 2 kwa 4, kila moja milimita 1900, ili ipite uwazi kwa sentimita 20 kila upande. Zilaze kwa ubapa, zikiwa zimekwenda kulia na kushoto, moja theluthi ya kutoka juu, nyingine theluthi ya kutoka chini. Usizisimamishe wima, kwa sababu kizingiti cha dirisha kwa ndani huwa kimejitokeza na mbao haitakaa sawa ukutani.

Toboa matundu manne kwenye plaiwudi, mawili kwa kila mbao, kiasi cha sentimita 35 kutoka kila ubavu. Hakikisha kila tundu linaangukia mahali ambapo kioo hakipo tena. Kama kuna vyuma vya kugawanya vioo, sogeza tundu, usitoboe chuma. Boliti ni ya kichwa cha mviringo yenye shingo ya mraba, unene wa milimita 10. Tundu la plaiwudi liwe milimita 10 kamili ili shingo ijikaze ndani ya ubao na boliti isizunguke. Tundu la mbao ya ndani liwe 12, lisikusumbue kulilenga.

Urefu wa boliti ndio unaowakwamisha wengi hadwea. Usikisie. Jumlisha unene wa plaiwudi, umbali kutoka mgongo wa plaiwudi hadi uso wa ukuta wa ndani, unene wa mbao, kisha milimita 25 za washa (pete bapa ya chuma inayokaa chini ya nati) na nati. Kwa mfano 18 na 150 na 50 na 25 ni 243, kwa hiyo nunua ya 250. Ukikosa urefu huo, chukua fimbo ya chuma yenye hesi mwili mzima, inauzwa kwa mita 1, ikate vipande, na mpelekee fundi wa kuchomelea wa jua kali akuunganishie bamba la milimita 50 kwa 50 kwenye ncha moja ya kila kipande. Bamba hilo ndilo linakaa nje.

Mmoja anashikilia ubao nje, mwingine yuko ndani anaweka mbao, washa pana, kisha nati. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka ubao usicheze. Ukikaza boliti moja kwa nguvu zote, fremu ya aluminiamu itapinda na utailipia mara ya pili.

Mwenye grili ana bahati hapa. Kama grili imechimbiwa ukutani barabara, pitisha boliti kati ya nondo, weka kipande cha mbao nyuma ya nondo mbili au tatu, funga nati. Grili inakuwa ndiyo mbao ya ndani. Itikise kwanza kwa mikono miwili. Ikicheza, tumia mbao ndefu ya ukuta hadi ukuta.

"Nina grili, kioo kinaweza kungoja"

Grili inazuia mwili. Haizuii mkono, wala fimbo yenye kulabu inayovua simu mezani, mkoba kitini na funguo kwenye msumari karibu na mlango. Haizuii mvua, haizuii chupa ya petroli. Kioo kikitoka, ziba usiku huo huo.

"Mabati ni chuma, kwa hiyo ni imara"

Bati la geji 30 ni jembamba kuliko nusu milimita. Mkasi wa mabati unalikata, na likipigwa msumari tundu linapanuka kila upepo ukivuma. Kwa mvua linafaa. Kwa mwizi halifai, labda ulipigie juu ya plaiwudi iliyofungwa kwa boliti.

"Mbao ni mbao"

Chipubodi ikinyeshewa mara mbili inavimba na kumomonyoka kwenye matundu ya boliti. Blokubodi inafumuka kingo. Plaiwudi ya milimita 6 inapita mguu kwa teke moja. Kwa dirisha la chini tumia 18. Ghorofani, mahali pasipofikika bila ngazi, 12 inatosha. Ile plaiwudi nyeusi ya kumwagia slabu, ambayo hadwea nyingi huiita marini, ndiyo bora kwa masika ya Machi hadi Mei, kwa sababu uso wake haunywi maji. Kingo ulizozikata wewe zinakunywa lakini, kwa hiyo zipake rangi ya mafuta kabla ya kuupachika ubao, na weka silikoni upande wa juu na ubavuni peke yake. Chini pasizibwe. Maji yatakayopenya lazima yapate pa kutokea.

"Bandika selotepu mfano wa X, kioo hakitavunjika"

Kitavunjika. Selotepu haiongezi nguvu. Inafanya vipande viwe vikubwa na vizito zaidi vinapoanguka.

"Vipande vilivyobaki viache, fundi wa vioo atavitoa"

Drili inatetemesha fremu nzima, na kipande kilichoning'inia juu kitaanguka kwenye mkono wa anayefanya kazi chini yake. Vitoe kwanza, ukianzia juu kushuka, ukiwa na glavu za ngozi, miwani na viatu vilivyofunikwa. Puti ikiwa ngumu, ivunje kwa patasi, usivute kioo. Weka vipande kwenye katoni nene au ndoo, usivitie kwenye gunia la nailoni, na andika juu yake kwamba ni vioo; anayezoa taka atashika kwa mikono mitupu. Ghorofani, mweke mtu chini azuie wapitanjia kabla hujagusa kipande cha kwanza.

"Usiguse chochote mpaka bima waje, la sivyo hawalipi"

Hii inawaacha watu na duka wazi siku tatu, mali iliyobaki nayo ikiibwa. Mikataba ya bima kwa kawaida inakutaka uchukue hatua za busara kuzuia hasara isiongezeke, na kuziba dirisha ni hatua ya busara. Piga picha kwanza: dirisha zima kwa nje, kwa ndani, fremu kwa karibu, na vioo vikiwa sakafuni vilipoangukia. Ripoti kituo cha polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Abstrakti ya polisi utaifuata baadaye. Piga simu kwa kampuni au ajenti wako kabla hujaanza kazi, wakuambie kama wanataka kuona kwanza. Tunza risiti ya kila boliti na ya fundi. Halafu ziba.

Na soma mkataba wako leo, kabla ya tukio. Baada ya maduka ya katikati ya jiji kuporwa siku ya maandamano ya tarehe 25 Juni 2025, swali lilikuwa ni kama mtu alinunua nyongeza ya ghasia za kisiasa na ugaidi. Mara nyingi bima ya kawaida ya moto na wizi haibebi hasara hiyo peke yake.

"Mlango umevunjwa, ugongomee mbao nje"

Uangalie kwanza. Mlango wa mbao uliopigwa teke kwa kawaida wenyewe ni mzima. Kilichopasuka ni fremu pale ulimi wa kufuli unapoingia. Tia skrubu za inchi 4 zipite fremu ziingie ukutani kwa plagi, weka bamba refu la chuma juu ya mpasuko, kisha komeo na kufuli jipya. Komeo nalo lifungwe kwa boliti zinazopenya mlango, nati zikiwa ndani. Komeo la skrubu fupi linang'oka kama msumari ule ule tuliousema. Kama ubao wa mlango ndio uliopasuka, bana plaiwudi ya 12 pande zote mbili kwa boliti. Mlango wa kioo wa duka ukivunjika, tengeneza ubao wenye bawaba, usiuzibe moja kwa moja, maana utahitaji kuingia.

Jambo moja hapa halina mjadala. Nyumba wanamolala watu isizibwe kwa nje kiasi kwamba hawawezi kutoka. Nyumba nyingi tayari zina grili zisizofunguka kila dirisha, mlango ukabaki ndio njia pekee, na moto ukianza mlangoni hakuna pengine. Angalau dirisha moja liwe na grili ya kufunguka kwa ufunguo unaojulikana ulipo na kila mtu, watoto pia. Njia ya boliti inasaidia hapa kwa sababu nati ziko ndani: tundika spana namba 17 ukutani kando ya dirisha hilo, kwa kamba, isihamishwe kwenda kufungua baiskeli.

"Ni ya usiku mmoja tu, kesho kioo kinawekwa"

Kioo cha kawaida cha milimita 4 kinakatwa siku hiyo hiyo. Kioo kigumu cha mbele ya duka hakikatwi tena baada ya kuchomwa tanuruni. Ni lazima kipimwe, kikatwe, kitobolewe, ndipo kichomwe, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Ubao wako utakaa wiki nzima au zaidi, basi ufunge kama utakaokaa.

Mbao mbichi husinyaa ikikauka, na nati zinalegea. Zikaze tena siku ya tatu. Siku ya kuondoa, usitupe ubao: andika kwa rangi namba ya dirisha na upande wa juu, funga boliti zake kwenye mfuko uliofungiwa kwenye tundu mojawapo, usimamishe mahali pakavu. Mwenye duka mwenye vipande vyake tayari, vimekatwa na kutobolewa, anaziba dirisha moja kwa dakika 15 na msaidizi mmoja, bila drili, hata stima zikiwa zimepotea.